Mwalimu Nyerere na mzigo wa kuchagua kwa niaba ya wengine

Na Mwandishi Wetu

NENO kuwajibika lina maana mbili katika siasa za Tanzania. Maana ya kwanza ni kutimiza wajibu uliopewa. Ya pili, ambayo huwanyima viongozi usingizi, ni kukubali kubeba lawama ya jambo lililoharibika hata kama mkono wako mwenyewe haukuligusa, na ikibidi kuachia madaraka kwa ajili hiyo.

Maana hiyo ya pili ilijengeka nchini wakati wa uongozi wa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania, aliyefariki dunia Oktoba 14, 1999. Yeye mwenyewe aliishi nayo kwa namna isiyokuwa rahisi. Aliamini kwamba binadamu ni huru kuchagua na kwamba aliye huru lazima ajibu kwa alichokichagua. Hata hivyo, kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa akichagua kwa niaba ya mamilioni ya watu, na wengine kati yao hawakuulizwa.

Mwalimu alizaliwa Aprili 13, 1922, katika kijiji cha Butiama, karibu na Musoma. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22 wa chifu huyo. Mtoto aliyekulia katika boma la namna hiyo aliona mapema kwamba si kila mtu aliye chini ya paa moja ana sauti sawa na mwenzake.

Alianza shule mwaka 1934 huko Mwisenge, Musoma, kisha akaenda Shule ya Serikali ya Tabora mwaka 1937. Mwaka 1943 alibatizwa katika Kanisa Katoliki na kupewa jina la Julius, na mwaka huohuo akaingia Chuo cha Makerere, Uganda. Akiwa huko aliandika insha kuhusu uhuru wa wanawake, akitumia mawazo ya mwanafalsafa wa Uingereza, John Stuart Mill, kupima mila za jamii yake mwenyewe. Mwana wa chifu alikuwa anajiuliza kama desturi inaweza kuwa kisingizio cha kumnyima mtu mwingine nafasi ya kuamua mambo yake.

Baada ya kufundisha Tabora katika Shule ya St. Mary's, alipata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, mwaka 1949. Alirejea mwaka 1952 akiwa na shahada ya Uzamili ya Sanaa. Miongoni mwa masomo aliyoyachukua ilikuwamo falsafa ya maadili. Kiti cha uprofesa wa somo hilo katika chuo hicho kilishikwa wakati huo na John Macmurray, ambaye alijulikana kwa hoja kwamba mtu hujulikana kwa matendo yake na kwa uhusiano wake na watu wengine, si kwa kufikiri peke yake chumbani.

Hoja ya namna hiyo isingeweza kubaki darasani kwa kijana anayetoka katika nchi iliyotawaliwa. Mwaka 1953 alichaguliwa kuwa Rais wa chama cha TAA akiwa mwalimu katika Shule ya St. Francis, Pugu. Julai 7, 1954, chama hicho kiligeuzwa kuwa TANU. Machi 1955 alisafiri hadi New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na aliporudi alikabiliwa na swali moja tu: abaki na ualimu au aingie katika siasa.

Ualimu ulikuwa na mshahara, nyumba na heshima. Siasa wakati huo haikuwa na malipo ya maana, na mwenyewe alikuwa na familia changa. Alijiuzulu mwezi huohuo. Uamuzi huo ulikuwa mwepesi kwa maana moja, kwamba hasara yake ilimwangukia yeye na watu wa nyumbani kwake. Maamuzi yaliyofuata hayakuwa hivyo.

Januari 1958, TANU ilikutana Tabora kuamua kama ishiriki katika uchaguzi wa kura tatu ulioandaliwa na serikali ya kikoloni. Kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na sifa za kupiga kura ziliwekwa juu kiasi cha kuwaacha nje Waafrika wengi. Wanachama wengi waliona kushiriki ni kukubali ubaguzi. Nyerere naye aliuchukia utaratibu huo, lakini aliona kwamba kuususia kungewaachia viti wapinzani wa TANU na kuuchelewesha uhuru.

Kikao hicho kilifikia kile ambacho historia ya nchi inakiita Uamuzi wa Busara. TANU ilishiriki na kushinda katika uchaguzi wa 1958 na 1959. Jambo ambalo husahaulika ni namna uamuzi huo ulivyofikiwa. Nyerere alisimama mbele ya watu waliokuwa na uwezo kamili wa kumkataa, akawashawishi kwa hoja hadi wengi wakakubali. Zuberi Mtemvu, ambaye hakukubaliana na mwelekeo wa TANU, alitoka na kuanzisha chama chake cha African National Congress. Miaka minne baadaye, katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1962, Mtemvu alipata kura takriban 21,000 huku Nyerere akipata zaidi ya milioni 1.1. Alishindwa vibaya, lakini alikuwa amepewa nafasi ya kusema hapana.

Katika mwaka huohuo wa Uamuzi wa Busara, Nyerere alifikishwa mahakamani Dar es Salaam kwa makala aliyoiandika katika Sauti ya TANU, ikiwashutumu maofisa wa serikali ya kikoloni. Alitiwa hatiani na kutakiwa kulipa faini ya Sh 3,000 au kwenda jela miezi sita. Alilipa faini. Wako waliotamani aende jela ili awe shujaa, lakini nchi ilikuwa karibu na uchaguzi, na kiongozi aliyefungwa asingeweza kuutuliza umma wala kuongoza kampeni.

Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961. Siku 44 baadaye, Januari 22, 1962, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu na kumwachia Rashidi Kawawa, ili yeye akakijenge chama vijijini. Ni nadra kwa kiongozi wa taifa jipya kuachia madaraka mapema namna hiyo. Alirudi Ikulu akiwa Rais wa Jamhuri Desemba 9, 1962.

Mwaka huohuo wa 1962 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini, iliyomruhusu Rais kumfunga mtu bila kesi. Hapo ndipo mgongano uliodumu katika maisha yake ulipoanza kuonekana. Msomi aliyewahi kumtumia Mill kutetea uhuru wa wanawake alikuwa sasa na kalamu inayoweza kumnyima mtu uhuru kwa sahihi moja. Serikali ilijitetea kwamba taifa lilikuwa changa. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, hasa baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964. Lakini hoja ya mazingira ina tabia ya kupanuka. Anayeizoea hufika mahali akaona kila kosa limesababishwa na hali, na hakuna lililosababishwa na mtu.

Ni haki kusema kwamba Mwalimu hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya hali. Desemba 15, 1965, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya kushindwa kuuzima uasi wa walowezi wa Rhodesia, ikijua kwamba ingekosa mkopo wa pauni milioni 7.5. Oktoba 1966, wanafunzi wa elimu ya juu walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, aliwafukuza karibu 400. Malalamiko yao yalihusu pia mishahara minono ya wakubwa, na hapo hakukwepa: alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Wengi wa wanafunzi hao walirudishwa baadaye.

Februari 5, 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na Septemba mwaka huo ikafuata sera ya Ujamaa Vijijini. Katika maandishi yake ya miaka hiyo, Mwalimu alisisitiza kwamba vijiji vya ujamaa havijengwi kwa amri. Mwaka 1968 aliandika kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine, bali hujiendeleza wenyewe kwa kushiriki katika kuamua. Kwa fikra hiyo, mtu anayehamishwa kwa nguvu kwenda mahali pazuri zaidi hajaendelea. Amehamishwa tu.

Wananchi walihamia polepole kuliko serikali ilivyotaka. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike ifikapo mwisho wa 1976. Mamilioni walihamishwa katika operesheni zilizosimamiwa na viongozi wa mikoa na wilaya. Katika baadhi ya maeneo nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi, na watu wakashushwa mahali pasipo na maji wala mashamba yaliyolimwa. Ukame wa miaka hiyo uliongeza shida, na nchi ikalazimika kuagiza chakula kwa wingi kutoka nje.

Nani ajibu kwa hayo? Rais hakuagiza nyumba zichomwe. Ofisa aliyechoma anaweza kudai kwamba alikuwa anatimiza lengo lililowekwa juu yake, na kwamba kuchelewa kungemgharimu kazi. Rais naye anaweza kudai kwamba walio chini walizidisha. Kila mmoja akimsukumia mwenzake, nyumba inabaki imeungua na hakuna aliyeichoma. Wanafalsafa wamelijadili tatizo hilo kwa karne nyingi. Wengi wanakubaliana kwamba aliyetoa amri anawajibika pia kwa madhara aliyopaswa kuyaona kabla, na kwamba anayetekeleza habaki jembe mkononi mwa mwingine.

Miaka michache baadaye swali hilohilo lilipata jibu la wazi katika tukio jingine. Katika operesheni ya kuwasaka wauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa na baadhi yao wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Hakuwa amemgusa mtu. Mwalimu aliridhia, na tukio hilo likawa kipimo ambacho Watanzania wamekitumia kwa viongozi wote waliofuata. Mwaka 1985 Mwinyi huyohuyo akawa Rais, ikaonekana kwamba anayekubali lawama halali hapotezi heshima.

Kipimo cha mwaka 1977 kinakuwa kigumu zaidi kinapopelekwa mahali ambako hakukuwa na risasi wala kipigo kilichotikisa taifa. Wilaya ya Hanang ni mahali pa namna hiyo. Hanang, iliyomegwa kutoka Mbulu, wakati huo ilikuwa katika Mkoa wa Arusha na tangu mwaka 2002 iko katika Mkoa wa Manyara. Ni nchi ya Katesh, Balangdalalu na Basotu, na miongoni mwa wenyeji wake ni Wabarabaig, tawi kubwa la Wadatoga, ambao ni wafugaji.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali ilianza kulima ngano katika nyanda za Basotu kwa msaada wa Kanada. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilipanua kilimo hicho hadi kufikia mashamba saba makubwa yenye makumi ya maelfu ya ekari, yakilimwa kwa matrekta na kuvunwa kwa mashine. Lengo lilikuwa la busara. Watu wa mijini walikuwa wanakula mkate, mkate unahitaji ngano, na ngano ya kuagiza ilimaliza fedha za kigeni. Nchi inayotaka kujitegemea ilipaswa kulima ngano yake.

Wapangaji waliiona ardhi hiyo kama pori lisilotumika. Kwa Mbarabaig ilikuwa malisho ya msimu. Mifugo ilihamishwa kufuata mvua, maji, chumvi na majani, kila eneo likipewa muda wa kupumzika kabla ya kurudiwa. Sehemu iliyoonekana tupu katika mwezi mmoja ilikuwa imeachwa kwa makusudi ili iwe tegemeo katika mwezi mwingine. Nyanda za Basotu zilikuwa miongoni mwa malisho bora katika mzunguko huo, na zilipochukuliwa mzunguko wote ulivunjika. Ng'ombe walibanwa katika maeneo yaliyobaki, na ardhi hiyo ikachoka. Makaburi ya wazee mashuhuri, ambayo Wabarabaig huyajengea vichuguu vya udongo na kuyatunza kwa vizazi, baadhi yake yalipitiwa na majembe ya matrekta.

Hapa ndipo tatizo la uchaguzi wa busara linapojitokeza kwa ukali. Pande zote mbili zilikuwa na hesabu zake. Serikali ilihesabu magunia na fedha za kigeni, na mfugaji alihesabu majani, maji na miezi ya kiangazi. Tofauti ni kwamba hesabu ya upande mmoja iliandikwa ofisini na kupewa jina la mpango, na ya upande wa pili ikaitwa ukaidi wa mila. Mwalimu aliyefundisha kwamba watu hujiendeleza kwa kushiriki katika kuamua ndiye aliyekuwa Rais wakati mpango huo ukipita juu ya watu ambao hawakushiriki kuuamua.

Wabarabaig hawakukaa kimya wala hawakubaki wahanga tu. Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji wake waliishtaki NAFCO. Mwaka 1984 Mahakama Kuu mjini Arusha iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliutengua ushindi huo kwa sehemu kubwa, kwa hoja zilizohusu uthibitisho wa haki yao juu ya ardhi hiyo. Novemba 5 mwaka huohuo Mwalimu alikabidhi urais. Mwaka 1987, chini ya serikali iliyomfuata, ilitolewa amri ya kufuta haki za kimila za ardhi katika eneo la mashamba hayo. Mwaka 1993 tume iliyoongozwa na Jaji Robert Kisanga ilichunguza malalamiko ya ukiukwaji wa haki za binadamu uliotokana na mashamba hayo.

Mwalimu hakuwa peke yake katika mlolongo huo. Walikuwapo wataalamu, wafadhili, mameneja, mahakimu na mawaziri. Walikuwapo pia walaji wa mkate wa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, ambao hawakujua ngano ilitoka wapi na hawakuuliza. Mtu asiyejua halaumiwi sawa na anayejua. Lakini kutojua kunakotokana na kutouliza ni uchaguzi wa aina yake, na haumwachi mtu mikono mitupu.

Mwalimu mwenyewe alilifahamu jambo hilo. Mwaka 1977, alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, aliorodhesha hadharani mambo yaliyoshindikana, wakati ambapo viongozi wengi wa Afrika walikuwa wanaimbiwa sifa. Baadaye alikiri kwamba kuzifuta serikali za mitaa mwaka 1972 na vyama vya ushirika mwaka 1976 kulikuwa makosa. Uzito wa kukiri huko unaonekana ukiangalia vilivyofutwa. Halmashauri na ushirika ndivyo vilikuwa vyombo ambavyo mwananchi wa kijijini angeweza kuvitumia kuiambia serikali kwamba imekosea. Vilipoondoka, amri ilishuka kutoka juu bila kizuizi, na habari za madhara yake zilipanda kwa shida.

Alipostaafu urais alibaki Mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, iligundua kwamba takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee. Hata hivyo mwaka 1992 nchi ilirudi katika vyama vingi, na Mwalimu, mjenzi wa chama kimoja, alikuwa miongoni mwa walioyaunga mkono mabadiliko hayo. Alikuwa amefikia kuona kwamba chama kisicho na wa kukipinga hulala.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa usuluhishi wa mgogoro wa Burundi, aliouanza mwaka 1996. Huko hakuwa na jeshi wala amri ya kutoa. Alirudi kwenye zana zilezile alizozitumia Tabora mwaka 1958, yaani hoja na uvumilivu, mbele ya watu waliokuwa huru kuinuka na kuondoka. Mauti yalimkuta kabla kazi haijaisha, katika Hospitali ya St. Thomas, London, alikokuwa akitibiwa saratani ya damu. Alizikwa Butiama Oktoba 23, 1999.

Katika ujana wake wa uongozi aliwahi kuutafsiri kwa Kiswahili mchezo wa Shakespeare kuhusu Julius Caesar, kisha akairekebisha tafsiri hiyo mwaka 1969. Ni hadithi ya watu wema kwa nia zao wanaotenda jambo zito kwa jina la umma, kisha wakashindwa kuyazuia matokeo yake. Nia njema haikuwaokoa na kazi ya kujibu.

Kanisa Katoliki lilianza mchakato wa kuyachunguza maisha ya Mwalimu mwaka 2005, kama hatua ya kuelekea kumtangaza mtakatifu. Wako wanaoona kwamba kuyataja makosa yake ni kumvunjia heshima. Lakini asiyeweza kulaumiwa kwa Hanang hawezi pia kusifiwa kwa Tabora, kwa sababu sifa na lawama zote zinamhitaji mtu aliyechagua. Aliposhawishi, alijenga mambo ambayo hata wapinzani wake waliyaheshimu. Alipoamuru, hata kwa nia njema, gharama ililipwa na waliokuwa mbali na meza ya maamuzi, na wazee wa Kibarabaig waliolisha mifugo Basotu kabla ya ngano walikuwa miongoni mwao.